Bi Imakulata Noa na Sukari ya Videvu Vyetu

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika Kliniki ya Ngozi Mwambao, hapa Usagara, Bi Imakulata Luka Noa anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba 2025. Anaacha kabati safi, funguo zenye vibandiko, na wafanyakazi wenzake wenye macho mekundu ambayo kila mmoja ameyasingizia dawa ya kupigia deki. Kamati ya sherehe imemwomba mwandishi asijitie sana katika habari hii. Atajitahidi mpaka afike mwaka 2008, na hapo itabidi avumiliwe.

Bi Imakulata alizaliwa katika kambi ya shamba la mkonge upande wa Muheza, ambako wazazi wake walifika kutoka mbali kutafuta kazi na hawakurudi tena kwao. Walikuwa Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni, na yeye mpaka leo hatoki nyumbani bila rozari yake shingoni. Alipokuja mjini alipanga chumba Mabawa, kwenye nyumba ya Bi Tabia Mbarouk, mama wa Kipemba ambaye kazi yake ilikuwa usomo. Kwa wageni wa pwani, somo ndiye anayemfunda mwali na kumtengeneza kabla ya harusi: singo ya kumsugua mwili, hina, udi, na kumtoa malaika, yaani vinyweleo vya mwilini. Wapangaji wengine walifika kwa mama mwenye nyumba kulipa kodi wakaondoka. Bi Imakulata alifika jikoni akakaa, na jikoni humo ndimo alimojifunza kupika sukari kwa ndimu mpaka ikawa nzito ya kunata, ya kupakwa kwenye ngozi na kubanduliwa pamoja na nywele zake.

Kliniki ilimwajiri mwaka 1993 kama mhudumu wa kufunga vidonda. Wakati ule hatukuwa na chumba cha nywele wala hatukujua kwamba tunakihitaji. Wanawake walikuja na chunusi zilizojaa kwenye taya, wakapewa dawa ya kupaka, wakaenda zao. Ni Bi Imakulata aliyeona kwamba baadhi yao hawaachii mtandio kidevuni hata kwenye joto la Februari. Akawa anawafuata mpaka mlangoni na kuwauliza habari za nyumbani, na kabla hawajafika barabarani ameshaambiwa yote. Ndevu. Walikuwa wakinyoa kwa wembe kila alfajiri, na hapana mtu aliyejua, mama wala mume.

Aliiomba menejimenti stoo ya mwisho wa korido. Akapewa, kwa sababu ilikuwa inavuja. Akaweka pazia, kiti cha kulaza mgongo na jiko la mafuta ya taa, na hivyo ndivyo kilivyozaliwa Chumba cha Ngozi na Nywele ambacho leo watu wanakijia kutoka Pangani, Korogwe na hata Pemba.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja, na Bi Imakulata hakuilegeza hata kwa mke wa mkubwa: hagusi unywele wa mtu kabla mtu huyo hajamwona daktari. Alieleza kwa lugha ya jikoni kwamba homoni ni kama chumvi, kila mtu anayo, shida ni kipimo. Kuna ambao ovari zao zina vifuko vidogo vidogo na mwezi wao haueleweki. Kuna ambao tezi ya shingoni imelegea, nywele za kichwa zinabaki kwenye kitana. Kuna ambao mwili umeanza kushindwana na sukari, na dalili ya kwanza ikawa weusi wa shingoni. Dawa za daktari hutuliza chanzo, tena polepole, kwa miezi. Kazi yake yeye, alisema, ni kumwezesha mgonjwa atoke nje kesho asubuhi.

Huo weusi wa shingoni ulimpa hasira kuliko kitu chochote. Aliwahi kuletewa msichana ambaye mama yake alikuwa akimsugua shingo kwa dodoki na jivu mpaka ngozi ikachubuka, akidhani mwanawe hataki kuoga. Bi Imakulata alimkalisha mama yule, akamwagizia chai, akamweleza taratibu kwamba ule si uchafu, mtoto apimwe sukari. Mama alilia. Bi Imakulata naye akalia, kisha akampokonya dodoki. Makopo ya mkorogo wa kujichubua aliyoyapokonya kwa namna hiyo hiyo tungeyapanga yangefika sokoni.

Sasa tuseme na mapungufu yake, maana wasifu usio na mapungufu ni wa marehemu. Bi Imakulata hajui kunong'ona. Mungu alimpa moyo wa kutunza siri na koo la kuinadi. Alilijua hilo, kwa hiyo akawa haziiti ndevu kwa jina lake, anaziita mgeni. Sauti yake ilipita ukuta mmoja hadi mwingine ikiuliza kama mgeni amerudi, na kama amekuja peke yake au na wenzake. Mzee Haji, aliyekuwa akija kwa ajili ya mba, alimwambia mkewe kwamba wanawake wa Tanga siku hizi wanashinda wakipokea wageni, ndiyo maana sukari imepanda bei.

Tena alikuwa akiimba anapobandua. Nyimbo za kanisani, zote, kwa mpangilio wa misa. Wagonjwa wake wengi ni Waislamu, na zipo nyumba Mabawa ambamo mama wa Kiislamu alishtuka kujikuta akikaanga samaki huku akiimba utukufu mpaka ubeti wa tatu.

Mashine ya mwanga ya kupunguza nywele ilipofika mwaka 2016, aliitazama wiki nzima bila kuigusa, akaifunika kanga isiingie vumbi. Alisema hatamwashia mwanamke usoni kitu ambacho hajakiona kikifanya kazi. Dakta Bryson, daktari wetu wa homoni, kwa kiherehere chake, akajitolea mkono wake wa kushoto. Mkono huo mpaka leo una kiwanja cha mraba kisicho na nywele, na wahudumu wapya huonyeshwa siku yao ya kwanza kazini. Bi Imakulata aliridhika. Baadaye akawa ndiye fundi wa mashine ile, na amewafundisha wote wanaoitumia sasa.

Tumefika 2008.

Mwaka ule kulikuwa na mwali mmoja wa Mabawa aliyeposwa na Haidar, kijana wa watu wa Tongoni. Mwali yule alikuwa na ndevu, na ndevu zile alizificha tangu kidato cha pili kwa wembe na komeo la mlango wa choo. Huyo ndiye leo anayewapokea pale mapokezi, na ndiye anayeandika. Naomba sasa niseme mimi, kwa sababu siwezi kuieleza siku ile kama iliyompata mtu mwingine.

Nilimpenda Haidar. Nililotaka kufanya lilikuwa kuirudisha posa yake. Mjuavyo, mwali akishatiwa ndani hana faragha tena. Analala na somo wake, anaogeshwa, anasingwa, mlango haufungwi. Nisingepata hata asubuhi moja ya kunyoa. Mama alipoona nimekonda na sitaki harusi, akadhani nina mwanamume mwingine, akawa haniambii neno ila salamu. Nikaja kliniki kwa kisingizio cha chunusi. Bi Imakulata alinifuata mpaka mlangoni kama kawaida yake.

Alinipeleka kwa Dakta Bryson, nikapimwa, nikaanza dawa. Lakini dawa ilitaka miezi na harusi ilikuwa mwezi ujao. Ilibaki sukari. Na sukari ina masharti: hainasi unywele ulionyolewa jana. Lazima uuache ukue mpaka ufikie punje ya mchele, yaani niache ndevu zangu, mimi mwali, kwa wiki mbili. Nikaanza kuvaa nikabu. Mtaa mzima ukanisifu kwamba nimeshika dini. Imamu alimpongeza baba. Sijawahi kupata heshima kama ile wala kuwa na aibu kama ile.

Bi Imakulata ndiye aliyekwenda kuzungumza na somo wangu, ambaye alikuwa ni huyo huyo Bi Tabia. Nilikufa kwa hofu. Bi Tabia alikuja, akaifunua nikabu yangu, akaniambia amekwisha kuwatengeneza wali wengi wenye ndevu kuliko ninavyofikiri. Kila mmoja alimwapisha asiseme. Kila mmoja alidhani yuko peke yake duniani. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa uzee, hivyo akataka Bi Imakulata aje aifanye kazi hiyo nyumbani, kimya kimya, siku ambayo uani kuna moshi na pilikapilika nyingi na hakuna atakayeuliza jungu moja zaidi linapika nini. Wakachagua siku ya begi.

Siku ya begi wanawake wa upande wa bwana harusi huleta sanduku la vitu vya bibi harusi, wanakuja wakiimba, na huliwa vinono. Uani kwetu zilikuwa zinakaangwa kaimati. Pembeni ya sufuria ya shira ya kaimati, Bi Imakulata akateleka sufuria yake. Sukari kwa sukari, rangi kwa rangi, tofauti ni iliki tu. Ilipoiva akaiepua ipoe, na Bi Tabia akamwita ndani aje kunitazama kidevu kwenye mwanga. Dakika hizo ndizo jirani yetu mmoja, mpishi hodari asiye na kosa, alizozitumia kuzamisha sinia zima la kaimati kwenye sufuria iliyokuwa karibu.

Wageni wakapelekewa. Wa kwanza kutia mdomoni alikuwa Bi Mwanatumu, shangazi yake Haidar, mwanamke aliyeongoza nyimbo kutoka Tongoni mpaka mlangoni petu bila kupumzika. Aliuma, akafumba, na mdomo haukufumbuka. Wimbo ukakatika. Akafuata wa pili, wa tatu. Wanawake waliokuja na vigelegele wakabaki wanatazamana, mashavu yamevimba, vidole vinavuta meno.

Ndipo mmoja ambaye hakuwa amekula akapiga kelele kwamba wamefungwa midomo. Pwani hii hakuna asiyejua maana yake. Mwali anayewaogopa mawifi hutafutiwa dawa ya kuwafunga midomo wasimseme vibaya. Kwa uvumi tu uchumba huvunjika, na hapa midomo ilikuwa imefungwa kwelikweli, mchana, mbele ya mashahidi. Sanduku likarudi kichwani kwa aliyelileta. Mama alikaa chini pale pale.

Wakaingia uani kumtafuta mchawi, wakamkuta Bi Imakulata. Mwanamke wasiyemjua, rozari shingoni, mwiko mkononi, sufuria miguuni. Wakamuuliza dawa ile ya nani. Akasema sukari ni yake na wamwie radhi. Wakamuuliza ya kazi gani. Hakujibu. Wakamwambia watamwita mjumbe, na kesho yake watakwenda huko anakofanya kazi waseme nesi wao anapika uchawi kwenye nyumba za harusi. Hakujibu. Yule ambaye sauti yake husikika mpaka barabarani alisimama kama bubu. Neno moja tu lingemtoa, kwamba ni ya mgonjwa, lakini nyumba ile ilikuwa na mwali mmoja na kila mtu angejua mgonjwa ni nani.

Mimi nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia. Wakiondoka, nimeachika kabla sijaolewa na yeye amepoteza kazi. Nikitoka, wananiona. Sikupima sana, nasema kweli. Nilichoona ni Bi Imakulata anafuta jasho kwa kiwiko na hasemi.

Nikatoka uani na mavazi ya mwali, jambo ambalo halifanywi, nikavua nikabu.

"Sukari ni ya hizi," nikasema.

Zilikuwa za wiki mbili, na jua la saa tisa lilikuwa linanipiga usoni. Hakuna aliyesema kitu, na wengine hata wangetaka wasingeweza. Bi Imakulata ndiye aliyerudiwa na sauti kwanza. Akaamuru maji ya uvuguvugu, haraka, kila mtu asukutue, sukari itayeyuka yenyewe. Wakapanga mstari na vikombe. Bi Mwanatumu alisukutua, akatema, akanijia. Alinishika kidevu akakigeuza huku na huku kama anayechagua papai sokoni. Nilifumba macho.

"Hizi tu, mwanangu?" akasema. "Mie natimiza mwaka wa thelathini nanyoa, na mume wangu humwambia nasugua visigino. Njoo uone za wenzio."

Akateremsha mtandio wake mbele ya watu wote. Kilichofuata sijui nikieleze vipi. Mmoja alianza kucheka, akafuata mwingine, mpaka wale ambao meno yao hayajaachana wakawa wanacheka kwa puani. Mama alinyanyuka kutoka chini akanikumbatia kwa nguvu, akaniuliza kwa nini sikumwambia, akalia, akacheka. Sanduku likashushwa. Bi Mwanatumu akauliza kama ile sukari iliyobaki inatosha watu wawili, na kabla ya magharibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chetu, kichwa nyuma, Bi Imakulata anambandua huku akiimba. Nyuma yao wanawake wengine watatu walisubiri zamu. Ilibidi iagizwe kilo nyingine dukani. Jirani yetu mpishi alijificha chumbani mpaka alipohakikishiwa kwamba anashukuriwa.

Haidar alipelekewa habari na shangazi yake usiku huo huo, maana siri ilikuwa imeshakuwa ya kata nzima. Alirudisha jibu kwamba ndevu zake yeye zimegoma kuota tangu ujana, kwa hiyo anashukuru kusikia nyumba haitakosa. Tukaoana Ijumaa.

Wiki iliyofuata walikuja kliniki wanawake wa Tongoni kwa pamoja, Bi Mwanatumu mbele, wakaomba wahudumiwe pamoja. Benchi halikutosha. Bi Imakulata akalitoa pazia, akaleta mkeka, na ndipo ilipoanza Jumatano ya Pamoja, ambayo wafanyakazi wapya hudhani imekuwapo siku zote. Wanawake wanakaa, wanakunywa chai, mmoja anashughulikiwa nywele, mwingine anafundishwa kupaka dawa ya chunusi bila kuchubua, mwingine anasomewa na Dakta Bryson majibu yake ya damu, na wote wanaulizana hali ya wageni wao kwa sauti. Mimi niliajiriwa miaka michache baadaye kwa sababu, alivyosema Bi Imakulata, mapokezi panahitaji mtu ambaye mgonjwa akimwona anajua amefika.

Nisiwadanganye, ndevu zangu hazijaisha. Dawa imezipunguza, mashine imezipunguza, na zinazobaki zinatolewa. Wapo walioondoka kwetu wakinung'unika kwamba wameahidiwa kupona. Hawakuahidiwa na Bi Imakulata. Yeye alimwambia kila mmoja kwamba hali hii inaishi na mtu kama vile mtu anavyoishi na miguu bapa, na kwamba watatembea.

Mwezi uliopita tulikuwa mezani asubuhi. Mimi, Haidar, watoto, na fundi bomba aliyekuja kutuangalizia koki ya jikoni na kukaribishwa chai. Saumu, binti yangu mkubwa, yuko kidato cha pili. Alinyoosha mkono kuchukua mkate wa kumimina akasema, "Mama, na mimi zimeanza kidevuni. Unipeleke Jumatano." Kisha akaomba apewe maziwa. Hakuinamisha kichwa. Hakushusha sauti. Kaka zake waliendelea kugombea yai, na fundi bomba akasema dada yake naye anakuja hapo hapo kliniki, ni pazuri.

Nilikwenda chumbani nikalia kidogo, kisha nikarudi nikampa maziwa yake.

Saumu ndiye mgonjwa mpya wa mwisho aliyepokelewa na Bi Imakulata. Alimpima kwa macho, akampeleka kwa daktari kwanza, kama sheria inavyosema, na akamuuliza kwa sauti iliyosikika mpaka duka la dawa kama mgeni wake amekuja kukaa au kupita.

Bi Imakulata, sasa unarudi Muheza, kwenye nyumba aliyokujengea mwanao Anold, kwa bata wako na michungwa yako. Uongozi unakushukuru kwa kazi, wenzako tunakushukuru kwa ucheshi na chai. Mimi nakushukuru kwa siku uliyonyamaza uani kwetu. Binti yangu hajui kwamba kuna wasichana waliowahi kujifungia mlango kwa jambo hili, na nikimsimulia hanielewi. Pumzika, dada yetu. Uimbe upendavyo, na maisha yakuwie mema kama ulivyoyafanya yawe mema kwetu.